Naombeni ushauri: mtoto ana pumu ya ngozi, wanataka kumbandika selotepu za utafiti

MamaShamte
Habari za jioni wapendwa. Binti yangu ana miaka 4, pumu ya ngozi ilimuanza akiwa na miezi mitano. Viwiko na nyuma ya magoti pamekuwa peusi, pamekakamaa kama ganda la mti. Kliniki wameomba aingie kwenye utafiti. Wanabandika kiselotepu cha duara, kama sarafu, wanakandamiza, wanabandua, wanabandika kingine palepale, hadi mara 20. Nimruhusu au nikatae? Ni Alhamisi hii na sipati usingizi.

Mgosi_wa_Handeni
Dada, mtoto si wa kufanyiwa majaribio. Sisi bibi alituogesha maji ya mwarobaini na kutupaka mafuta ya nazi, tukapona wote saba.

BintiPangani
Pole mama. Mdogo wangu alikuwa hivyohivyo, tulilala chumba kimoja. Usiku kucha unasikia kwaru, kwaru, kwaru. Alipoanza shule akapata na pumu ya kifua. Hadi leo nikisikia panya darini namkumbuka. Mwangalie sana kifua huyo mtoto.

NesiMstaafu
Mwanangu, mwarobaini tuuache kwanza. Ili kuchunguza ngozi kwa undani, njia iliyozoeleka ni kukata kipande cha milimita 3 au 4 kwa kisu cha duara, baada ya sindano ya ganzi, na mara nyingi mshono. Kovu linabaki. Wazazi wengi hukataa, na nawaelewa, ndiyo maana ngozi za watoto wadogo zimechunguzwa kidogo mno.

Selotepu inatoa seli za tabaka la juu kabisa, zilizokwisha kufa. Patawaka kidogo, kisha patatulia. Vile viselotepu vinagandishwa, maabara wanasoma protini na RNA, yaani nakala za maagizo ya jeni: kinga ya mwili imechachamaa kiasi gani, interlukini 13, protini ya kinga inayochochea ugonjwa huu, imepanda vipi, ukuta wa ngozi umebomoka wapi. Mwaka 2006 watafiti wa Ulaya walionyesha kwamba hitilafu katika jeni ya filagrini, protini inayoimarisha ukuta huo, inachangia ugonjwa huu. Ila hitilafu zilizoenea kwa Wazungu ni adimu kwa Waafrika. Sasa kinachowatesa watoto wetu tutakijuaje ikiwa ngozi zao hazifiki maabara?

Unampaka nini?

MamaShamte
Vaselini tu.

NesiMstaafu
Miaka minne, vaselini tu? Walipokuuliza kliniki uliwajibu hivyo?

MamaShamte
Sawa, niseme. Wifi yangu anauza vipodozi, ananichanganyia losheni kwenye kopo. Juzi ndiyo kanitajia kwamba anaminyia humo tyubu za klobetasoli. Kwenye fomu nimeandika vaselini, na nimeshasaini. Jana usiku nimempaka tena. Msinihukumu. Akipakwa analala. Ningemwacha ajikune mpaka damu ili karatasi iwe safi?

Mgosi_wa_Handeni
Kumbe umeshasaini! Baba mtoto anajua?

MamaShamte
Wifi ni dada yake.

NesiMstaafu
Hakuna anayekuhukumu. Lakini hiyo klobetasoli ni steroidi, dawa ya kutuliza kinga ya ngozi, kali kuliko karibu zote za kupaka. Kwa mtoto inaweza kupenya hadi kwenye damu, na ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara. Inazima hizohizo protini wanazokwenda kupima, kwa hiyo selotepu zitasema kinga imetulia wakati haijatulia. Wapigie kabla ya Alhamisi. Na usiiache ghafla kwa uamuzi wako, ngozi inaweza kulipuka vibaya zaidi.

Kibatari
Wakuu, hii chai. Akaunti ya wiki hii, uzi wa kwanza, halafu ghafla katokea nesi anajua mpaka mwaka. Hawa ni mtu mmoja, anautafutia utafiti watoto.

BintiPangani
Hata mimi nimeanza kuwaza. Selotepu ipime ugonjwa?

NesiMstaafu
Nimehudumu wodi ya ngozi miaka mingi, nimewashika watoto wakikatwa vipande nao wananiita mama. Ndiyo maana najua.

MamaShamte
Kibatari, njoo ulale kwangu siku moja. Namvalisha soksi mikononi, asubuhi zina damu. Shuka nyeupe niliacha kununua. Ningetunga, ningetunga mtoto anayelala.

MzeeWaKahawa
Iwe chai isiwe chai, mjukuu wangu anapakwa losheni ya kopo lisilo na lebo, na kweli kalainika haraka ajabu. Kesho asubuhi nampeleka hospitali na kopo lake.

Kibatari
Weka picha ya kopo basi.

MamaShamte
Mrejesho. Nimewapigia mchana, nimesema yote. Sikufokewa. Wamesogeza sampuli mbele, fomu tutajaza upya, na Alhamisi daktari atamwona ampangie namna ya kuipunguza hiyo dawa. Wanataka niende na kopo.

Nimelificha juu ya kabati. Wifi amekuja jioni hii, anasema kama silitaki tena nimrudishie.