Naomba ushauri: Stihl 070 ya mtumba, ninunue au niachane nayo?

Wakuu habari. Kuna mzee huku Marangu anauza chenso (msumeno wa injini), Stihl 070, imelala stoo miaka na mafuta yakiwa ndani ya tangi. Bei bado tunavutana. Kaniruhusu kuijaribu: nimebadilisha plagi, nikaosha kabureta, nikaweka petroli mpya na oili kwa kipimo cha 1:25 (oili moja kwa petroli 25). Inawaka, ila ikishapata moto inazima, na haiwaki tena mpaka ipoe. Nikafungua ekzosi kuchungulia pistoni, upande mmoja una mikwaruzo ya wima. Fundi wa Moshi mjini anasema ni koili tu, ile inayotoa umeme wa plagi. Mimi nahisi kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) imekwisha, maana ukivuta kamba haina ubishi kabisa. Kazi yenyewe ni kukata miti ya migrevilea ya shambani, si biashara. Pistoni na silinda za Kichina zinadumu kweli? Au nimrudishie mzee mashine yake?