Kikundi cha familia: Mama karudi bila antibayotiki

Shangazi: Jamani nimefungua mfuko wa dawa wa Mama naona za maumivu tu, antibayotiki hamna hata moja, mtu kakatwa utumbo anarudishwaje nyumbani hivi hivi??

Juma: Hata mi nimeshangaa. Au wamesahau

Shangazi: Ninazo za rangi mbili zilibaki nilipoumwa kifua, nimuanzishie hizo?

Rehema: Shikamoo shangazi, hapana tafadhali usimpe!! Ndo natoka zamu. Hawajasahau, alishapewa. Dawa ilipitishwa kwenye mshipa kule thieta, chumba cha operesheni, kabla daktari hajashika kisu

Shangazi: Marahaba mwanangu. Basi imeishia hapo?

Rehema: Imeishia hapo. Utumbo mpana umejaa bakteria, ukifunguliwa wanaingia kwenye kidonda, sasa dawa inatakiwa iwe imeshafika kwenye damu na nyama kabla ya kuchanwa, WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema ndani ya dakika 120 kabla, ila antibayotiki inayoitwa sefazolini wengi tunampa mtu ndani ya saa 1 kabla, na kwa utumbo mpana tunaongeza metronidazoli kwa wale bakteria wasiotaka hewa. Operesheni ikipita saa 4 au damu ikimwagika nyingi anarudiwa humo humo thieta. Na vile vidonge alivyomeza siku ya kuamkia operesheni wakati anaharishwa na ile dawa ya kusafisha tumbo navyo vilikuwa antibayotiki

Juma: Aah kumbe. Ila jirani alitolewa kidole tumbo akarudi na za siku kadhaa

Rehema: Chake kilishapasuka Juma, usaha ukamwagika tumboni. Yule alikuwa anatibiwa, Mama alikuwa anakingwa tu, operesheni ya uvimbe wake ilipangiwa siku na tumboni hamkuwa na usaha

Baba Mdogo: Lakini si bora zizidi kuliko zipungue

Rehema: Ba'mdogo hapo ndo watu wengi wanaumia, na mi inaniuma kweli kuona mgonjwa anahesabiwa kahudumiwa kwa ukubwa wa mfuko wa dawa. Mwongozo wa WHO wa 2016 unasema kinga isiendelezwe baada ya operesheni, maana walipolinganisha walioongezewa siku na wasioongezewa, usaha kwenye vidonda haukupungua kwa wale walioongezewa. Kinachoongezeka ni madhara, bakteria wazuri wa tumboni wanakufa, anabaki anatamba mmoja anaitwa Clostridioides difficile, huyo anaharisha mtu mpaka analazwa tena, na Mama utumbo umeungwa juzi tu. Bado usugu, siku akiugua kweli dawa isishike

Baba Mdogo: Nimekuelewa mwanangu

Shangazi: Nimezirudisha kabatini

Rehema: Zipeleke famasi shangazi wakazitupe, zisikae humo

Shangazi: Haya. Sasa kidonda kina wekundu pembeni ya nyuzi
[picha]

Rehema: Mstari mwembamba hivyo siku za mwanzo huwa upo. Chukua kalamu uchore ukingo wake, nawa mikono kwanza, ukivuka alama mrudisheni siku hiyo hiyo msisubiri kesho. Hata usaha, harufu, homa ya 38 kwenda juu, tumbo kuvimba likawa gumu, kutapika, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Tuangalie hivyo mpaka siku 30

Juma: Nimechora. Nimempima pia, 36.8

Shangazi: Anauliza anaruhusiwa kulalia ubavu?

Rehema: Anaruhusiwa, ubavu wowote usiomuuma, akigeuka ashike mto tumboni