Mtoto wa miezi 4 kichwa kinakua haraka, tumepewa rufaa ya MOI (taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar), naombeni ushauri

Baba_Songea: Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri hasa mliopitia hili. Mwanangu wa kike ana miezi 4, tangu ana miezi 2 mke wangu alikuwa analalamika kofia zote zinambana mtoto mi nikadhani ndo kukua, juzi kliniki nesi kampima kichwa na tepu kakuta kimepita mistari yote ya kwenye kadi, utosi umetuna na macho yanaangalia chini muda mwingi. Wakampiga ultrasaundi kupitia hapo hapo utosini wakasema maji yamejaa kichwani. Sasa mama mkwe anataka tusubiri, kuna mzee anawatibu kwa dawa za kienyeji, jirani nae anasema mtoto akishafunguliwa kichwa harudi. Bima hatuna. Silali wakuu. Huo mpira wa kutoa maji kichwani unakaa maisha yote? Hakuna njia nyingine?

Mama Nuru: Pole sana kaka. Wangu kawekewa mpira hapo hapo MOI, leo yuko darasa la 2. Nakuomba usimsubiri huyo mzee, mimi nilisubiri miezi miwili nikizungushwa na dawa za kupaka, maji yakakandamiza mshipa wa macho na jicho la kushoto mpaka leo haoni vizuri. Mpira wenyewe mwembamba, unapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni, kifuani, unaishia tumboni, maji yananyonywa huko. Ndio unakaa, ila unaweza kuziba au kupata maambukizi, kwahiyo ukiona homa, kutapika, kusinzia sana au utosi kutuna tena rudi siku hiyo hiyo usingoje kesho.

Nesi_wa_zamu: Mkuu beba rufaa, kadi ya kliniki na hayo majibu ya ultrasaundi. MOI watu wanajua mifupa tu lakini ubongo na uti wa mgongo viko pale pale, kuna majeruhi wa bodaboda, wa vivimbe, wa mgongo, wewe ulizia upasuaji wa ubongo wa watoto usije ukakaa foleni siyo yako. Hela ikigoma usirudi nyumbani kimya kimya, nenda ustawi wa jamii hapo hospitali ueleze hali yako.

Wa_Mbale: Njia nyingine ipo, wanaingiza kamera ndogo wanatoboa njia ya maji ndani ya ubongo bila kuacha mpira. Kwa watoto wachanga Dkt. Benjamin Warf aliiendeleza huku Uganda, hospitali ya CURE Mbale, akaongeza kuchoma sehemu inayotengeneza maji. Walishalinganisha njia hiyo na ya mpira kwa watoto 100 hapo Mbale, matokeo yakatoka 2017, baada ya mwaka akili za watoto hazikutofautiana sana. Kwahiyo usichelewe ukitafuta njia bora, daktari ataona picha ataamua. Aliwahi kuugua homa kali akiwa mchanga? Huku wengi chanzo ni maambukizi.

Baba_Songea: Ndio!! wiki ya 3 alilazwa, homa na degedege, hakuna aliyetuambia tuangalie kichwa baadae.

Nesi_wa_zamu: Hilo mwambie daktari mapema kabisa.

Baba_Songea: Asanteni sana. Nimemsomea mama mkwe maneno ya Mama Nuru, kanyamaza muda mrefu halafu kaenda kufungasha nguo za mtoto. Basi ni kesho alfajiri. Mama Nuru, karibu na hapo Muhimbili mlikuwa mnalala wapi?