Naomba ushauri: nashindwa kumwita Mungu "Baba"

Wapendwa, shalom. Nimeokoka miaka sita sasa, na kuna jambo sijawahi kulisema kanisani.

Nikiomba, "Bwana" linatoka vizuri. "Mwokozi" pia. Nikifika kwenye "Baba", koo linakaza. Baba aliyenizaa alikuwa mtu wa kipigo na matusi. Tukisikia hatua zake mlangoni, sisi watoto tulikuwa tunajificha. Alishafariki, nami nimemsamehe, nasema kweli. Lakini kila nikianza "Baba yetu uliye mbinguni" nahisi kama nasubiri kofi.

Maandiko nayajua. Warumi 8:15 inasema hatukupokea roho ya utumwa ituletayo hofu, bali roho ya kufanywa wana, ambayo kwayo twalia "Aba, Baba". Hapo ndipo naumia zaidi: mbona mimi hofu ipo bado? Luka 15, ule mfano wa mwana mpotevu aliyerudi kwa baba yake, nimeisoma mara nyingi. Yule mzee anamwona mwanawe angali mbali, anakimbia, anamkumbatia kabla kijana hajamaliza hata maneno aliyoyapanga. Nalia kila nikisoma, ila nalia kama mtu anayechungulia nyumba ya jirani.

Mtumishi mmoja aliniambia ni ukosefu wa imani, niongeze kufunga. Nilifunga. Sikuona badiliko, nikabaki na hatia juu ya hofu.

Aliyelelewa kama mimi, ulianzaje kumwona Mungu kuwa Baba? Je, ni kosa nikiendelea kuomba kwa "Bwana" tu wakati moyo unapona?