Kutema mate mechi 6, kuvunja mguu mechi 3: adhabu za rafu mbaya ni dharau kwa wachezaji

Wakuu,

Nimechoka kusikia kila wiki kwamba "kadi nyekundu inatosha". Haitoshi, na ushahidi uko wazi kwa yeyote anayetaka kuuangalia.

Februari 23, 2008, uwanja wa St Andrew's. Mechi ina dakika 3 tu. Martin Taylor wa Birmingham anamwingia Eduardo wa Arsenal kiatu kikiwa juu, meno ya daluga yanatua kwenye mguu wa kushoto. Mfupa mwembamba wa nje unavunjika, kifundo kinatoka mahali pake. Eduardo akaikosa Euro 2008 na akarudi uwanjani baada ya karibu mwaka mzima. Taylor alipewa kadi nyekundu na kufungiwa mechi 3.

Miaka miwili baadaye, Februari 27, 2010, Ryan Shawcross wa Stoke anamvunja Aaron Ramsey mifupa yote miwili chini ya goti. Ramsey ana miaka 19. Adhabu ni mechi 3 zilezile, na jioni hiyohiyo Shawcross anatajwa kwenye kikosi cha timu ya taifa ya England.

Sasa linganisha. Machi 2015, Jonny Evans wa Manchester United na Papiss Cissé wa Newcastle walitemeana mate. Evans alikula mechi 6, Cissé 7 kwa sababu alikuwa ameshafungiwa kwa kosa lingine msimu huohuo. Mwaka 2023 Ivan Toney akafungiwa miezi 8 kwa kubeti. Sitetei mate wala kubeti, adhabu hizo ni halali. Ninachouliza ni hiki: kamati gani yenye akili timamu inakaa mezani na kuamua kwamba mate usoni ni kosa zito mara mbili kuliko muundi uliokatika?

Kichekesho kilichopitiliza ni cha Roy Keane wa Manchester United. Aprili 2001 alimpiga kiatu cha goti Alf-Inge Håland wa Manchester City, akapewa nyekundu, mechi 3 na faini ya pauni 5,000. Mwaka uliofuata akaandika mwenyewe kwamba alikusudia. FA, chama cha soka cha England, wakamfungia mechi 5 nyingine na faini ya pauni 150,000. Yaani kuyaandika aliyoyafanya kulimgharimu zaidi kuliko kuyafanya.

Hiyo namba 3 inatoka wapi? Uingereza, rafu mbaya ya kadi nyekundu ya moja kwa moja ina adhabu ya kudumu: mechi 3 za mashindano ya ndani, na mechi 1 ya nyongeza kama ni nyekundu yako ya pili msimu huo. Haiangalii mguu uliingiaje, haiangalii kasi. Mchezaji aliyechelewa nusu sekunde na kumkanyaga mwenzake unyayoni anapata sawa na aliyeruka miguu miwili kutoka mita nne. Na kwa kuwa inahesabiwa kwa mechi na si kwa wiki, ukipewa nyekundu katikati ya Desemba ratiba ya sikukuu inakumalizia adhabu ndani ya siku kama kumi. Wakati huo mechi ya Ulaya ikitokea katikati ya wiki, unacheza.

Halafu FA wanatuambia mikono yao imefungwa. Uongo! Kanuni zao wenyewe zina kipengele kinachoruhusu adhabu kuongezwa pale ile ya kawaida inapoonekana wazi kuwa ndogo mno. Machi 2025 walikitumia: kipa wa Millwall, Liam Roberts, alitoka golini mguu juu akampiga Jean-Philippe Mateta wa Crystal Palace kichwani, sikio likashonwa nyuzi 25, na mechi 3 zikawa 6. Kwa hiyo kifaa kipo kabatini. Wanakitoa pale tu picha inapokuwa mbaya kiasi cha kuwaaibisha.

Na hapo nazungumzia waliopata nyekundu. Shimo kubwa zaidi ni la wale wasiopewa chochote.

Oktoba 3, 2010, Nigel de Jong wa Manchester City alimvunja Hatem Ben Arfa wa Newcastle mifupa miwili ya mguu. Hakupewa kadi, na FA haikumfungia. Ben Arfa hakucheza tena msimu ule. Aliyemwadhibu de Jong ni kocha wa Uholanzi, Bert van Marwijk, aliyemwacha kwenye kikosi cha taifa. Yaani kocha wake mwenyewe alikuwa na aibu kuliko chama kinachosimamia ligi.

Machi 2013, Callum McManaman wa Wigan alimzamishia Massadio Haïdara wa Newcastle meno ya daluga usawa wa goti. Refa hakutoa kitu. FA wakasema hawawezi kuchukua hatua kwa sababu mmoja wa waamuzi aliwaona wachezaji wakikutana, ingawa hakuona tukio lote. Someni tena sentensi hiyo taratibu. Kuona nusu kulimkinga mkosaji kuliko kutoona kabisa. Kelele zilipozidi wakairekebisha kanuni.

Marekebisho hayo yalisaidia nini? Oktoba 17, 2020, Goodison Park, kipa wa Everton, Jordan Pickford, anamrukia Virgil van Dijk wa Liverpool kwa miguu iliyotangulia na kumchana ACL, kano kuu ya ndani ya goti. Kibendera kilikuwa juu kwa kuotea, VAR (waamuzi wa video) wakaangalia kuotea na penalti, suala la kadi nyekundu likapita hivihivi. Kanuni inaruhusu kabisa kumtoa mchezaji kwa rafu mbaya hata kama mpira ulishasimama. Van Dijk alikosa msimu wote uliobaki na Euro. Pickford hakufungiwa hata mechi moja, kwa hoja kwamba waamuzi waliliona tukio. Sasa kwa kuwa VAR inaona kila kitu, ina maana kosa lolote la VAR linageuka kinga ya maisha kwa mkosaji. Teknolojia iliyoletwa kurekebisha makosa imeishia kuyapiga muhuri.

Na ya njano je? Kwenye Premier League unahitaji njano 5 ndani ya mechi 19 za kwanza ndipo ukose mechi moja. Refa akikosea rangi ya kadi, mguu wa mtu unakugharimu moja ya tano ya mechi.

Najua watakuja wale wa "mpira ni mchezo wa kugusana" na "aligusa mpira kwanza". Twende kwenye sheria. Sheria ya 12 ya soka, inayohusu faulo, ina ngazi tatu: uzembe (faulo bila kadi), kutojali hatari unayomwekea mwenzako (njano), na nguvu kupita kiasi au kuhatarisha usalama wa mpinzani (nyekundu). Hakuna mahali inapotaka ithibitike kwamba mchezaji alikusudia. Kugusa mpira kwanza hakukusafishi. Ukiuchukua mpira kisha mguu uleule ukaendelea hadi kwenye ugoko wa mtu kwa nguvu zote, ni nyekundu.

Kinachovunja mguu kinajulikana, si bahati mbaya kama ajali ya radi. Mguu ulio hewani ukigongwa unasogea, nguvu inapotea. Mguu uliokanyaga chini hauna pa kwenda: meno ya daluga yameshika nyasi, uzito wote wa mwili umekaa juu yake. Ukigongwa katikati ya ugoko, mfupa unapinda mpaka unakatika. Ukigongwa ubavuni mwa goti, goti linaingia ndani na kano zinachanika. Ukikanyagwa juu ya kifundo, kiatu kinabaki kwenye nyasi huku mguu ukienda upande mwingine. Kilinda ugoko hakifiki kifundoni wala gotini, na hivi vidogo vinavyovaliwa siku hizi havifiki hata katikati.

Kwa hiyo vya kupima vipo. Goti la anayeingia limekunjwa au mguu umenyooka kama mpini? Mguu ulionyooka unapeleka uzito wote wa mwili kwenye meno ya daluga. Amegusa kwa ubavu wa kiatu au kwa nyayo? Ametua chini ya kifundo, juu yake, au gotini? Ametoka umbali gani na kwa kasi gani? Na muhimu kuliko yote: mguu mmoja umebaki chini au yote miwili iko hewani? Miguu yote ikishaondoka ardhini huwezi kusimama wala kubadili njia, umeshajigeuza jiwe. Refa anaweza kukosa haya kwa sekunde moja, hilo nalikubali. Lakini VAR wana mwendo wa kawaida wa kupimia nguvu na mwendo wa polepole wa kuonyesha mahali mguu ulipogusa. Na kamati inayokaa baada ya mechi ina siku nzima na kamera zote.

Hapa naachana na wengi wenu humu. Ile hoja ya "afungiwe mpaka aliyemuumiza arudi" siiungi mkono. Novemba 3, 2019, Son Heung-min wa Tottenham alimkwatua André Gomes wa Everton kwa nyuma, rafu ya njano ya kawaida. Gomes akaanguka vibaya, akagongana na Serge Aurier, mwenzake Son, kifundo kikavunjika. Refa alipoona mguu akabadilisha kuwa nyekundu, na FA wakaifuta baadaye, kwa haki kabisa. Ukipima adhabu kwa jeraha, Son angekaa nje zaidi ya miezi mitatu kwa kukwatua, na mjinga aliyeruka miguu miwili akamkosa mtu kwa sentimita mbili angecheza Jumamosi. Kinachotakiwa kuadhibiwa ni hatari aliyoitengeneza, mfupa ukatike usikatike.

Na hilo linawezekana. Raga wanafanya. Ukabaji wa hatari kule una ngazi ya chini wiki 2, ya kati 6, ya juu 10, na kilele ni wiki 52. Kamati inaanza kwa kupanga kosa kwenye ngazi, kisha inapunguza kwa mwenye rekodi safi aliyekubali kosa, au inaongeza kwa mzoefu wa makosa.

Kwenye soka, MLS, ligi kuu ya Marekani, walau walithubutu. Aprili 22, 2011, Brian Mullan wa Colorado alimvunja Steve Zakuani wa Seattle, mzaliwa wa Kinshasa, mifupa miwili ya mguu. Mullan alifungiwa mechi 10 na faini ya dola 5,000. Zakuani alikaa nje zaidi ya mwaka, na mwaka 2014 akatundika daluga akiwa na miaka 26. Kamati yao ina wachezaji wa zamani, kocha wa zamani na refa wa zamani, na inaweza kumfungia mchezaji hata kama refa aliona akaacha, mradi wajumbe wote wakubaliane. Aprili 2016 de Jong yuleyule alimuumiza Darlington Nagbe, kamati ikampa mechi 3. Mechi 3 ni kidogo, lakini Uingereza kwa Ben Arfa alipata sifuri.

Ninachotaka ni hiki. Kila rafu mbaya ipitiwe na jopo huru ndani ya saa 72, iwe refa alitoa nyekundu, njano au hakutoa kitu. "Mwamuzi aliona" isiwe kinga. Adhabu iwe kwa wiki: 4 kwa ngazi ya chini, 8 kwa ya kati, 12 na kuendelea kwa miguu miwili hewani au meno ya daluga juu ya kifundo. Anayerudia ndani ya miezi 24 aanzie ngazi inayofuata. Na adhabu imfuate kila mashindano, Ulaya ikiwemo.

Nyumbani Tanzania nako tusijifanye hatuhusiki. Msimu wa 2022/23 Clatous Chama wa Simba na Aziz Ki wa Yanga walifungiwa mechi 3 kwa kukwepa kusalimiana na wapinzani kabla ya mechi ya watani. Kusalimiana! Kwa kipimo hicho, beki anayemwingia winga kwa nyayo za goti alipaswa kukaa nje nusu msimu. Mechi za Ligi Kuu zinaonyeshwa Azam, picha zipo, na kamati ya Bodi ya Ligi hukaa na kutoa adhabu. Ishu ni nini kinapelekwa mezani.

NYONGEZA: Kuna mdau ameuliza kuhusu fidia. Mpango wa FIFA wa kulinda klabu unalipa pale tu mchezaji anapoumia akiwa na timu ya taifa, nje kwa zaidi ya siku 28, hadi euro milioni 7.5 kwa mchezaji mmoja. Akiumizwa kwenye ligi, klabu ijitegemee. Njia nyingine ni mahakama ya kawaida: Gordon Watson wa Bradford City alivunjwa mguu mwaka 1997, akashtaki na kushinda zaidi ya pauni 900,000. Ila kesi ilichukua miaka, na mchezaji wa daraja la kwanza hapa hana wakili.

NYONGEZA 2: Kwa viongozi wa timu mnaosoma humu: msiishie kulalamika redioni. Kateni kipande cha video chenye dakika inayoonekana, kiwe cha mwendo wa kawaida na cha polepole. Ambatisheni ripoti ya daktari na eksirei, mwandike kwa barua ni kipengele gani cha Sheria ya 12 kimevunjwa, na mpeleke kabla kamati haijakaa. Barua ya "tumeonewa" isiyo na picha inatupwa kapuni na mnaijua sababu.