MREJESHO: CG125 ya zamani na dawa za oili na petroli

Assalaam alaykum. Niliuliza kama dawa hizi za chupa, zinazotiwa kwenye oili ya injini na kwenye petroli, zitafufua pikipiki yangu ya Honda CG125 inayotoa moshi wa buluu, kuchoka mlimani na kuzima ukiachia mafuta. Ahsanteni sana nyote, hasa mafundi wa Wete na Chake.

Dawa ya petroli imesaidia nusu. Baada ya tangi moja injini haikohoi tena ukivuta mafuta, lakini kuzima kuliendelea. Kabureta ilipofunguliwa, jeti ndogo (kitundu kinachopitisha petroli ukiachia mafuta) ilikuwa imezibwa na utando wa kijani. Tundu likishaziba petroli haipiti, na dawa itapitia wapi? Uzi mmoja wa waya wa shaba na upepo wa kompresa vimemaliza kazi. Msitumie sindano ya chuma, inapanua tundu.

Dawa ya oili sikutia, kama mlivyoshauri. Klachi ya CG imo ndani ya oili ileile ya injini, na dawa ya kupunguza msuguano huifanya iteleze. Nilitia oili ya 20W-50 yenye alama ya JASO MA, yaani ya pikipiki zenye klachi ndani ya oili, moshi ukapungua kidogo tu.

Kilichotoa jibu ni geji ya kompresheni, inayopima mgandamizo ndani ya silinda: 85 PSI, na baada ya kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, 130. Oili iliziba kwa muda upenyo kando ya pistoni, kwa hiyo ringi zimekwisha, hakuna chupa ya kuzirudisha. Silinda imechongwa, pistoni na ringi za saizi 0.25 (kubwa zaidi kwa milimita 0.25) zimefungwa.

Mlimani sasa inavuta vizuri. Moshi mdogo bado unatoka asubuhi ikiwashwa, kisha unakatika, kwa hiyo zinazofuata ni sili za vali, zinazozuia oili isivujie ndani ya silinda.