Ushauri: "stop to" na "stop -ing" zina tofauti gani? Na hili neno lina maana ngapi?

Binti_Monduli (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Nasoma uongozaji watalii hapa Arusha na mtihani wa vitendo umekaribia. Kila mmoja atamweleza mgeni ratiba ya safari ya Ngorongoro kwa Kiingereza, mwalimu akiwa kiti cha mbele anasikiliza. Njia mnaijua: Makuyuni, Mto wa Mbu, mnapanda kile kilima chenye sehemu ya kuangalia Ziwa Manyara, Karatu, geti la Lodoare, ndipo mnafika ukingoni mwa kreta.

Kwenye kikundi chetu kuna ubishi. Mmoja ameandika "We will stop to take pictures at the viewpoint". Mwingine anasisitiza iwe "We will stop taking pictures at the viewpoint", kwa sababu sekondari tulikaririshwa kwamba kitenzi kinachofuata "stop" huchukua "-ing". Mimi naona zote zinasomeka vizuri, ila sijui mgeni anazisikiaje.

La pili, kila nikifungua kamusi naletewa simama, acha, koma, zuia, kaa, mpaka ziba. Je, naweza kulitumia popote ninapotaka kusema "simama" au "acha"? Walimu na mliofanya kazi na wageni, naombeni msaada. Natanguliza shukrani.

DerevaWaKaratu

Wa kwanza yuko sahihi, dada. Ukimwambia mgeni "we will stop taking pictures at the viewpoint" atadhani kamera ni marufuku pale juu, na pale ndipo wageni wanapoanza kuzitoa kwenye mabegi.

Mwl_Korogwe

Mwanangu, swali lako ni zuri na nitalijibu kwa urefu, kwa sababu wanafunzi wengi wanapotelea hapo hapo.

Angalia Kiswahili chako kwanza. "Tulisimama kupiga picha." "Tuliacha kupiga picha." Hiyo "kupiga" ni ile ile kwenye sentensi zote mbili. Kilichobadilika ni kitenzi cha mbele, simama kikawa acha. Waingereza wamefanya kinyume: kitenzi cha mbele kinabaki "stop" pale pale, halafu tofauti yote inabebwa na kile cha nyuma. "Stop to take" ni kusimama ili upige. "Stop taking" ni kuacha kupiga. Kwa hiyo mzoea Kiswahili anasubiri tofauti mahali ambapo haipo, na mahali ilipo anapita bila kuiona.

Njia ya kujipima ni kuingiza neno "ili". Kama linakaa bila kulazimishwa, tumia "to". "Tulisimama Mto wa Mbu ili tununue ndizi" inakaa, basi "we stopped to buy bananas". Kama kitendo chenyewe ndicho kilichokoma, tumia "-ing". "Watoto wameacha kulia", "the children have stopped crying". Ukisema "the children stopped to cry", watoto walikuwa wanatembea, wakasimama, ndipo wakaanza kulia.

Mwenzenu wa pili hakutunga sheria yake, ila ameishika nusu. Na kuna kitu kinachompa nguvu: "start" na "begin" hazina ugomvi huu. "It started raining" na "it started to rain" ni mvua ile ile. Mtu akizoea hapo, anaamini "stop" nayo iko hivyo. Haiko hivyo.

Sasa simama na acha. Usizifuate kichwa kichwa. Simama yetu inabeba mambo mawili ambayo Kiingereza kimeyatenga: kuwa wima, na kukatisha mwendo. "Mgeni amesimama kando ya gari" ni "standing". "Basi lilisimama Korogwe" ni "stopped". Nimesahihisha insha nyingi zenye "the bus stood at Korogwe", na kila mara najua mwanafunzi alikuwa anafikiri nini. Acha nayo ina matawi. "Acha mlango wazi" ni "leave". "Mwache aende" ni "let". "Acha kelele" hapo ndipo "stop" inaingia. "Ameacha kazi", yaani ameondoka moja kwa moja, ni "quit" au "left his job". Ukisema "he stopped work at five", msikilizaji ataelewa kwamba saa kumi na moja alifunga shughuli za siku hiyo.

Mwisho, matamshi. "Stopped" ina silabi moja. Hiyo "-ed" baada ya "p" inasikika kama "t" tu, na herufi "p" zinaandikwa mbili. Ukitamka "sitopedi" mbele ya mwalimu, alama zinakwenda.

Msafiri_Voi

Mwalimu amemaliza kazi. Kutoka huku Kenya naongeza vineno vinavyofuata "stop", kwa sababu guide atavisikia kila siku. "Stop by" ni kupitia mahali kidogo, kama unavyompitia shangazi njiani. "Stop off" ni kukatiza safari mahali fulani kwa shughuli fulani, halafu unaendelea. "Stop over" mara nyingi ni kulala njiani, au kushuka uwanja mmoja wa ndege ukingoja kuunganisha ndege nyingine. Mgeni aliyetoka Ulaya kwenda Kilimanjaro kupitia Doha atakwambia alikuwa na "stopover" Doha.

Na usisahau "from". "The rangers stopped us from getting out of the car", askari walituzuia kushuka. Lazima awepo anayezuiwa. "He stopped from smoking" ni kosa, sema "he stopped smoking".

Jembe_Jipya

Mbona mnazunguka sana? Stop, quit, cease, halt zote ni kitu kimoja. Chagua unayoiweza, mgeni ataelewa.

Mwl_Korogwe

Hapana, ndugu yangu, na binti anakwenda kwenye mtihani. "Halt" ni neno la amri na taarifa rasmi. Askari wa lindo analisema, na magazeti huliandika shughuli zinaposimamishwa. "Cease" ni la maandishi mazito: mikataba, barua za mawakili, usitishaji wa mapigano. "Quit" ni kuachana na jambo kabisa, kama kazi, sigara au masomo. Guide akimwambia mgeni "we will cease here for lunch", mgeni ataelewa kwa kubahatisha, na kiongozi wa watalii hapaswi kumbahatisha mgeni wake. "Stop" ndilo la kila siku.

Nesi_wa_Zamu

Naomba nisisitize hili la "to" na "-ing", maana wodini halina mchezo. Daktari akiandika "stop taking these tablets", mgonjwa anaacha dawa. Akiandika "do not stop taking these tablets even if you feel better", anaendelea mpaka zimalizike. Kuna ndugu wa wagonjwa wanaona neno "stop" peke yake na kuhitimisha kwamba dawa zimekatazwa. Someni sentensi yote, mpaka nukta. Kwa dawa za kifua kikuu, ambazo kwa kawaida humezwa miezi sita, mgonjwa akiacha katikati ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu.

Halafu dada, utakutana nalo kwenye mabango ya afya. "Stop TB" maana yake si kwamba TB isimame yenyewe. Ni sisi tuikomeshe. Kiswahili tunabadilisha kitenzi: koma, komesha, simama, simamisha. Kiingereza kinatumia lile lile kwa yote mawili.

Mtanga_Uingereza

Kuhusu hiyo "kaa" uliyoiona kwenye kamusi: ipo kweli. Huku utamsikia mtu anasema "I'm stopping at my sister's till Sunday". Hajasimama popote, amefikia kwa dada yake mpaka Jumapili. Ni lugha ya mazungumzo ya Waingereza, usiitumie kwenye mtihani. Wewe sema "staying". Ila mgeni akikuuliza "Where are you stopping tonight?" usishangae.

Nahodha_Lamu

Na "ziba" nayo ina asili yake. Wanaisimu wengi wanaliunganisha neno hili na Kilatini "stuppa", nyuzi zisizo laini za kitani zilizotumika kuzibia matundu na nyufa. Maana ya kuziba ndiyo ya zamani, ya kusimama ilikuja baadaye. Huku kwetu fundi wa jahazi anapokalafati, anasokota pamba, anaitia mafuta, kisha anaishindilia kwenye mwanya wa mbao kwa patasi na nyundo mpaka maji hayapiti. Ndiyo kazi ile ile iliyozaa "stop". Mpaka leo kizibo cha chupa kwa Kiingereza ni "stopper", na "to stop a leak" ni kuziba panapovuja.

Binti_Monduli

Shikamoo mwalimu, na asanteni wote. Ile ya "ili" nimeijaribu kwenye ratiba nzima na imekaa. Kikundi kimekubali "stop to take".

Bado naomba moja. Nikiwa porini na mgeni, "Stop!" peke yake si ukali? Na gari likizima, nalo ni "stop"?

DerevaWaKaratu

Inategemea kuna nini mbele, dada. Tembo akitokea kichakani na mgeni yuko nje ya gari, sema "Stop!" kwa sauti kavu wala usiongeze neno. Hakuna atakayekulaumu. Lakini kama unataka tu asubiri, "Could you wait here for a moment, please?" ndiyo ya kistaarabu. Ukimpa "Stop!" mtu anayechagua vinyago dukani, umemgombeza.

Mgeni akikwambia "Can you pull over?" anataka uweke gari pembeni. Akisema "Can you drop me here?" anataka ashuke. Ukiwa wewe ndiye dereva, jibu "I'll stop after the bend, it's safer there", halafu ufanye hivyo kweli. Pale kwenye kona za kupanda Manyara usisimame katikati ya barabara hata kama nyani wamejaa na mgeni anakuomba, malori yanashuka kwa nguvu.

Injini ikizima yenyewe, "the engine has stopped" ni sawa, ila madereva wanasema "stalled" hasa ikizimikia kwenye klachi. Mvua ikikatika ni "the rain has stopped". Hiyo utaihitaji sana Machi mpaka Mei, mgeni akikuuliza kila baada ya muda kama paa linaweza kufunguliwa.